Roman blaindi zimenitoa jasho Luchelele. Nilipima mara moja nikakata, sasa naomba msaada wa mafundi

#1 Ngosha wa Luchelele

Habari za jioni wakuu. Wa Mwanza, mwadila.

Nina kesi. Dirisha langu la sebule linatazama magharibi, ghuba yote iko mbele. Wageni wakija wanapasifia kweli, mpaka ifike saa kumi. Kuanzia hapo jua linaingia hadi kwenye miguu ya kochi la pili, na kwa huku kwetu halina haraka ya kuzama, linaganda pale mpaka karibu saa moja. Kwenye televisheni huoni kitu. Kochi lilikuwa la bluu, sasa upande mmoja ni kijivu.

Mapazia tulikuwa nayo, yale mazito ya marinda. Shida ni upepo wa ziwani mchana, unayapeperusha mpaka yanaangusha vikombe mezani. Mama watoto akaona roman blaindi kwa rafiki yake Isamilo, ikawa ndiyo wimbo wa nyumbani. Kwa ambao hamjaziona: ni pazia bapa, linalala juu ya dirisha kama shuka lililopigwa pasi. Ukivuta kamba linapanda kwa mikunjo mipana, inalaliana mmoja juu ya mwingine. Fundi mmoja wa mjini aliponitajia bei nikamwambia narudi. Mpaka leo sijarudi.

Nikaangalia video tatu, nikajiona fundi. Nikapima upana wa dirisha pale chini, mkono unapofika bila kupanda kiti. Sentimita 150. Nikatoa moja, nikakata mbao ya 149 ya kufungia pazia kwa juu, mama akashona pazia la kipimo hicho kwa kuunga vipande viwili katikati. Jumamosi napandisha mbao kwenye tundu la dirisha, haiingii. Napima juu: 147. Nikaikata mbao kwa msumeno, nikaifunga. Sasa pazia la 149 limekaa kwenye tundu la 147, pembeni limejipinda kama chapati iliyozidi kikaango.

Haikuishia hapo. Nondo zangu ziko ndani ya kioo, na aliyezichomelea aliziwekea maua, yametokeza kwa mbele kama ngumi. Nikavuta kamba, pazia likafika katikati likanasa kwenye ua. Nikaongeza nguvu. Tundu la kidole.

Naomba kujua: napima wapi na wapi? Ndani ya tundu la dirisha au juu ya ukuta? Na kitambaa gani kinahimili jua hili? Naomba kuwasilisha.

#2 Sangara Mkavu

Uzi bila picha ni batili mkuu. Tunataka kuona hiyo chapati.

#3 Jiwe la Kirumba

Roman ndiyo nini tena, za kwa Papa? Sisi Kirumba tunatundika kanga kwenye waya wa umeme uliobaki, jua likija tunahamia upande wa pili wa nyumba.

#4 Mama Cherehani

Pole baba. Nashona mapazia mwaka wa kumi na mbili sasa, na hilo kosa lako naletewa karibu kila mwezi, tena na watu waliosoma.

Upana wa dirisha unapimwa mara tatu: juu, katikati, chini. Urefu vilevile: kushoto, katikati, kulia. Ukiweka pazia ndani ya tundu, kwenye upana unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, halafu unatoa sentimita moja ili lisikwaruze plasta. Tundu lako lilitaka pazia la 146, wewe ukalipa 149. Na usikomee hapo, pima pia kutoka pembe hadi pembe, kulia juu mpaka kushoto chini, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana nazo zikilingana, tundu lako ni mraba au mstatili wa kweli. Vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, achana na habari ya ndani, pazia lako litakuwa limenyooka na ukuta umepinda, na kila atakayeingia ataona pazia ndilo limepinda.

Hizo video ulizoangalia, zile nyumba zina madirisha yasiyo na nondo. Tundu lao liko wazi na lina kina kirefu. Sisi tuna kioo, tuna wavu wa mbu, tuna nondo, vyote vinagombea ukuta wa tofali la nchi sita. Nafasi inayobaki kwa ndani unaijua mwenyewe. Kwako ni ngapi?

Na pole kwa mama watoto, kuunga katikati ni kosa pia. Jua likipiga kwa nyuma, ule mshono unaonekana kama kovu. Kitambaa kikiwa chembamba kuliko dirisha, kipande kizima kinakaa katikati na nyongeza zinagawanywa kushoto na kulia.

#5 Ngosha wa Luchelele

Dada asante. Nimepima sasa hivi na tochi ya simu. Kutoka kwenye ua la nondo mpaka usawa wa ukuta wa ndani ni sentimita 3. Mbao yangu ina 5.

Pembe hadi pembe: 211 na 214.

#6 Mama Cherehani

Basi umejijibu. Nje ya tundu, juu ya ukuta.

#7 Fundi Pimamaji

Naunga mkono. Mimi ni wa aluminiamu na jipsamu, Nyakato. Nyumba nyingi ninazoingia, ukuta ulipigwa plasta na watu wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na kwenye dirisha ndipo walipokutana. Kupishana sentimita mbili tatu ni kawaida kabisa. Aliyezoea kufunga pazia la bomba haoni, kwa sababu marinda yanaficha. Roman haifichi kitu, ni bapa na imenyooka, kila dhambi ya mwashi inaanikwa.

Ukifunga nje, ongeza sentimita 5 mpaka 10 kila upande ili jua lisichungulie pembeni. Kwa dirisha la magharibi ningekwenda 8. Juu panda sentimita 15 kama ukuta unaruhusu. Hiyo ya juu watu wanaipuuza, ila kumbuka pazia likikunjwa halipotei, linabaki rundo la sentimita 20 na zaidi. Ukilifunga kwenye mdomo wa dirisha, hilo rundo linakula kioo chako mchana kutwa, na umesema una ghuba mbele. Utakuwa umelipia kiwanja cha kutazama ziwa halafu unatazama mikunjo.

#8 BintiNyegezi

Mimi niko Nyegezi na dirisha langu linatazama kaskazini. Mwezi wa sita jua linaniingia, Desemba silioni kabisa. Nyumba ya jirani inayotazama kusini ni kinyume chake. Kwa hiyo kabla mtu hajanunua kitambaa kizito cha kila dirisha, akae kwanza mwaka mzima na hilo dirisha. Mimi nilinunua Januari nikajuta Juni.

Magharibi ndiyo haina msimu. Pole Ngosha.

#9 Sangara Mkavu

Mwaka mzima tena? Si aulize jirani tu.

#10 Ngosha wa Luchelele

Hapa niko tayari kuanza upya. Tundu lina 150 kwa 150 tuseme, nikiongeza 8 kila upande ni 166. Kitambaa tulichonunua kina upana wa 140. Naunga tena? Na hiyo mikunjo inapangwaje, mama alikadiria kwa macho na mkunjo wa chini ulitoka mkubwa kuliko wa juu.

#11 Mama Cherehani

Usiunge. Shona mawili.

Dirisha la futi tano kwa pazia moja la roman ni zito, kamba zinalalamika, na likipinda kidogo linaonekana. Gawa 166 katikati, acha sentimita moja ya kupumua baina yao, kila moja linatoka 82 na nusu. Ongeza pindo la sentimita 5 kila upande, unahitaji 92 na nusu tu, na kitambaa chako kina 140. Kinachobaki kinatoa foronya za mito ya kochi, mama atafurahi. Faida nyingine, saa kumi unashusha la upande wa jua na la pili unaliacha juu.

Sasa mikunjo. Kaa chini na karatasi, hii haikadiriwi. Ndani ya roman kuna vijiti vya mlalo, ndivyo vinavyofanya mkunjo usimame. Amua idadi ya vijiti. Zidisha mara mbili, ongeza moja. Urefu wa pazia ugawe kwa jibu hilo. Unachopata ni nusu mkunjo.

Wewe: dirisha 150, juu 15, chini 15, jumla 180. Vijiti 4. Nne mara mbili ni nane, na moja ni tisa. 180 gawa kwa 9 ni 20. Kijiti cha kwanza kinakaa sentimita 20 kutoka chini, cha pili 60, cha tatu 100, cha nne 140. Juu inabaki 40. Umeona? Kipande cha chini ni nusu ya vingine, kwa hiyo pazia likipanda vyote vinakutana usawa mmoja. Ukitaka rundo lishuke kidogo chini ya mbao, ongeza sentimita mbili tatu kwenye kile kipande cha juu kabisa.

Nimekuongezea 15 chini makusudi ili hesabu ilale vizuri. Kama una meza au soketi pale chini, sema.

Mifuko ya kupitishia vijiti ishone kwenye bitana, kile kitambaa cha nyuma, siyo kwenye kitambaa cha mbele. Kila mfuko unakula kama sentimita 3, mifuko minne ni 12, kwa hiyo bitana ikatwe ndefu kuliko kitambaa kwa 12. Hapa ndipo wanafunzi wangu wote wanaponaswa.

Kitambaa cha mbele mita 2 kwa kila pazia, jumla mita 4. Lile la marinda la dirisha hilohilo lingekutaka upana mara mbili au mbili na nusu, hesabu mwenyewe mita zake.

#12 Jiwe la Kirumba

Nimekuja kucheka nimebaki nasoma. Dada ungenifundisha hesabu darasa la saba ningekuwa waziri.

#13 Ngosha wa Luchelele

Kichwa kimefunguka. Soketi haipo, ukuta uko wazi mpaka chini. Kitambaa je? Tulinunua kitenge kizito, kizuri mno, machungwa na zambarau.

#14 Mama Cherehani

Kwa magharibi, kitenge bila bitana ni sherehe ya miezi michache. Zambarau ndiyo itatangulia kuaga.

Bitana lazima. Nyeupe au maziwa, upande unaotazama kioo, irudishe joto nje kabla halijafika kwenye kitenge. Ukitaka giza kamili kuna ile bitana nene iliyopakwa mpira kwa nyuma, inazuia mwanga wote, ila kwa sebule naiona kama kujifunika blanketi mchana. Iache kwa chumba cha mwenye zamu ya usiku. Hariri usiiguse, jua linaioza mpaka inachanika ukiishika. Poliesta inavumilia jua, pamba iko katikati, na kitani ni kizuri ila kinataka mtu wa kupiga pasi mwenye subira.

Na kitenge na bitana vyote vifueni kabla ya kukata! Pamba inaruka. Ukikata 200 leo, ukafua Pasaka, inakuja fupi, na bitana ikiruka tofauti na kitenge pazia linajikunja kama jani la muhogo kiangazi. Fua, anika, piga pasi, ndipo ukate. Kukata kwenyewe usifuate maua, fuata uzi: chomoa uzi mmoja wa mlalo kutoka ukingo hadi ukingo, ile njia inayobaki ndiyo mstari wako.

#15 Mvuvi Mstaafu

Nimeona neno kamba nikaingia. Vijana, maduka ya zana za uvuvi yamejaa kamba nzuri za nailoni kwa bei ya mboga. Kwa nini mnanunua kamba za mapazia? Na zile risasi za nyavu mkizishona chini, pazia halipeperuki hata kwa dhoruba.

#16 Fundi Pimamaji

Shikamoo mzee. Kamba za kusuka za huko ni nzuri kweli, mimi natumia, ila nachagua za poliesta. Nailoni inavutika. Nilifunga nyumba moja kwa nailoni, baada ya wiki chache kamba tatu za pazia moja zilikuwa na urefu tofauti, pazia linapanda bega moja juu kama mtu aliyebeba ndoo. Nimerudi pale mara tatu bure.

Risasi hapana mzee wangu. Pindo la chini liko usawa wa mtoto anayetambaa, na mtoto anaweka kila kitu mdomoni. Risasi ni sumu kwake. Chini weka kipande cha bapa ya aluminiamu, nenda kwenye karakana yoyote ya madirisha uombe mabaki, wengine wanakupa bure. Haishiki kutu. Vijiti vya katikati pia natoa humohumo, vyembamba. Mbao nyembamba inajipinda, nimejaribu.

#17 Mvuvi Mstaafu

Marahaba mwanangu. La risasi nimelipokea, nina wajukuu.

#18 Mama wa Mapacha

Samahanini, mmesema mtoto anayetambaa nikashtuka. Nina mapacha wa mwaka na nusu. Hizo kamba zinaning'inia wapi? Kwa shemeji yangu ziko pembeni mwa dirisha, zimefungwa fundo moja chini, mtoto anazichezea kama bembea.

#19 Fundi Pimamaji

Mama, mwambie shemeji akate lile fundo leo. Sisemi kesho.

Kamba za pazia zimeua watoto nchi nyingi, na Ulaya na Marekani wameziwekea masharti. Mtoto anaingiza kichwa kwenye kitanzi, anateleza, na hapigi kelele kwa sababu hana pumzi. Ni kimya. Kamba zisifanye kitanzi kokote. Ziunganishe juu kabisa, karibu na mbao, ibaki kamba moja tu inayoshuka. Pale ukutani funga kishikio cha kuzungushia kamba, kile chenye pembe mbili kama cha kwenye boti, kiwe mita moja na nusu au zaidi kutoka sakafuni, na kila ukishapandisha pazia uizungushe yote pale juu, isibaki mkia. Kitanda cha mtoto na kiti chochote visikae chini ya dirisha hilo. Kuna na zisizo na kamba kabisa, kwa nyumba yenye mapacha wa umri huo ndizo ningekushauri, au subiri wakue.

#20 Mama wa Mapacha

Nimempigia. Amekata.

#21 Mama Cherehani

Hongera kwa kumpigia hapohapo.

#22 Sangara Mkavu

Swali la kizembe: zile pete ndogo zinazoshonwa nyuma kwenye kila kijiti, za kupitishia kamba, kamba inafungwa kwenye kila pete?

#23 BintiNyegezi

Hahaha usifanye! Mimi nilifunga kila moja, kwa fundo zuri kabisa. Nikavuta kamba, pazia likasimama kama mgambo. Kamba inafungwa kwenye pete ya chini kabisa tu. Nyingine zote inapita. Ya chini ikivutwa inabeba wenzake juu.

#24 Fundi Pimamaji

Ndivyo. Na kwa pazia la 82, mistari mitatu ya pete inatosha: mmoja sentimita 5 kutoka kila ukingo na mmoja katikati. Kwa vijiti vinne ni pete 12 kila pazia. Kwenye mbao unafunga skrubu zenye jicho, kila moja juu ya mstari wake, na kamba zote tatu zinapita kuelekea upande wa kuvutia.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo wengi wanapoita fundi wakati ukuta umeshakuwa chujio. Juu ya dirisha kuna linta, na linta ni zege yenye nondo. Drili ya kawaida ya mbao itakuimbia tu. Tafuta inayopiga nyundo, na biti ya zege ya milimita 6. Ukigonga nondo utajua, sauti inabadilika na vumbi linaacha kutoka. Usishindane nayo, sogea sentimita mbili pembeni. Tundu lipite plasta liingie kwenye zege yenyewe. Plasta peke yake haibebi kitu, itakaa Jumatatu hadi Alhamisi. Weka plagi ya plastiki, halafu skrubu ya nchi mbili na nusu, maana mbao nayo ina unene wake.

Mbao ipimwe kwa pima maji. Huna? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jaza maji, shika ncha mbili, maji hayadanganyi.

#25 Kinu cha Pamba

Hapo kwenye pima maji nakataa kidogo. Kwangu Bwiru dari ya jipsamu imeshuka upande mmoja. Nilifunga mbao sawa na pima maji, kila anayeingia ananiambia pazia limeenda upande. Nikaifungua nikafuata dari, kelele zikaisha.

#26 Fundi Pimamaji

Kelele zimeisha, lakini likunje ulitazame kwa pembeni. Kitambaa kinaning'inia kwa uzito wake, hakijui dari yako. Mbao ikiinama, mikunjo inahama kidogokidogo kuelekea upande wa chini na kingo zinakula ukuta.

#27 Kinu cha Pamba

Nimetazama. Umenipata kwa sentimita moja. Lakini siifungui tena, nimezoea.

#28 Fundi Pimamaji

Ndugu yangu, kwa kesi kama yako shusha mbao mbali na dari. Ikiwa nchi mbili chini ya jipsamu jicho linalinganisha, ikiwa nchi kumi jicho linasahau.

#29 Jiwe la Kirumba

Na wale wadudu wa ziwani? Huku wakiinuka kama moshi wa tanuri, asubuhi unafagia ndoo. Hizo bapa zenye mikunjo si ndiyo kaburi lao?

#30 Mama Cherehani

Swali zuri kuliko yote leo. Wanafuata taa, kwa hiyo usiku pazia liwe limeshushwa, likishuka halina mkunjo wa kujificha. Anayeliacha limekunjwa huku taa inawaka, asubuhi atawakuta ndani ya mikunjo. Na wasikae hapo siku nyingi, wakigandana wanaacha madoa.

Ndiyo maana silipigi pazia misumari kwenye mbao. Nabandika velkro, ile ya kwenye viatu vya watoto: upande wa kukwaruza unagandishwa na kupigwa pini kwenye mbao, upande laini unashonwa kwenye pazia. Siku ya kufua unalibandua lote kwa mkono, unachomoa vijiti na bapa, unaloweka. Kulirudisha dakika tano.

#31 Ngosha wa Luchelele

Wakuu nimerudi. Wiki mbili kimya, nilikuwa kazini na futi kamba.

Kwanza nilikata magazeti, nikayagundisha mpaka yakawa na upana wa 82 na nusu na urefu wa 180, nikayabandika ukutani mawili kwa selotepu. Hakuna aliyenishauri, ni woga tu. Yalikaa siku mbili. Siku ya pili mama watoto akasema chini ni parefu sana, mtoto atajifutia mikono. Kwa hiyo tukapunguza urefu mpaka 171, nikagawa kwa 9 nikapata 19. Vijiti 19, 57, 95, 133. Dada Cherehani utaangalia kama nimekosea.

Kitenge tulikifua. Kutoka mita 4 kilirudi na upungufu wa kiganja kizima. Ningekuwa nimeshakata ningelia.

Kutoboa linta kulinichukua saa mbili kwa matundu manne. Tundu la tatu niligonga nondo, nikakumbuka uzi huu, nikasogea. Vumbi lilijaa kwenye wali wa jirani, tumeombana radhi.

Leo saa kumi na moja nilishusha yote mawili. Sebule imekuwa rangi ya chungwa bivu, nyuma ya kitenge jua unaliona limetulia kama taa ya karabai. Televisheni inaonekana. Maua ya nondo hayagusi kitu, kuna nafasi ya vidole viwili. La kulia linapanda vizuri kabisa. La kushoto linapanda bega moja juu, tofauti ya sentimita kama moja na nusu.

#32 Fundi Pimamaji

Hongera sana. Ulitumia kamba gani kushoto?

#33 Ngosha wa Luchelele

Nailoni. Poliesta iliniishia baada ya pazia la kwanza na duka lilikuwa limefungwa.

#34 Mvuvi Mstaafu

Mimi nimekaa kimya tu.

#35 Mama Cherehani

Hesabu yako ya 171 iko sawa kabisa, na wazo la magazeti naliiba. Kuanzia kesho mteja wangu haondoki bila gazeti.

Kamba ya kushoto ibadilishe zote tatu, usibadilishe ile iliyolegea peke yake.

#36 Sangara Mkavu

Picha.

#37 Ngosha wa Luchelele

Ikishuka bega nitapiga. Wabeja sana wote.

#38 Jiwe la Kirumba

Jamani nami nimeshawishika. Nataka nianze na dirisha la jikoni, liko juu kidogo ya jiko la gesi. Kipimo ni 90 kwa 60. Vijiti viwili vinatosha?

#39 Fundi Pimamaji

Hapo hapana. Kitambaa kisikae juu ya moto. Ya jikoni acha wazi, au tuletee kipimo cha chumbani.

#40 Jiwe la Kirumba

Chumbani naanza kupima. Juu, katikati, chini. Subirini nitafute kiti.